Mwanangu Alipungua Buku

SEHEMU YA SITA

Aliyelikosa gazeti la wiki jana nimsimulie kwa ufupi, maana waliolisoma wameshanitukana vya kutosha.

Mimi ni Gaudiosa, fundi cherehani wa Nakwa, hapa Babati. Ni mjane. Mume wangu Tadeo aliniachia mtoto mmoja, Vicent, na kiwanja kimoja kule Singe. Kabla hajakata roho alisema kiwanja ni cha Vicent, ajenge, na wanawe wakulie pale.

Vicent akaenda Mirerani kwenye machimbo, akaahidi kuniwekea chochote benki kila mwezi. Nilipokwenda kwenye mashine nikatoka mikono mitupu. Nikamtukana kwenye simu, nikaitoa laini yangu, nikaikata vipande viwili kwa mkasi wa kushonea. Alipojaribu kunipigia kupitia kwa jirani yangu Anifa, wakala wa pesa, nilikataa kuishika simu. Nikamwagiza Anifa: "Yeyote atakayekuja na habari za Vicent, mwambie hapa hakuna mama wa Vicent."

Baadaye nikasimama kwenye jumuiya ya kanisa, pale tunapowataja kwenye sala watoto walio mbali, nikaomba jina la mwanangu lisitajwe tena. Na mwezi wa tisa nikapokea laki nane za Mwalimu Egidius, malipo ya awali ya kile kiwanja cha Singe.

Msomaji mmoja wa Katesh ameniandikia ujumbe: "Wewe mama una roho ya chuma." Namjibu hapa hapa: chuma hakilii. Soma kwanza ya leo.

*

Mwalimu Egidius ni mstaafu, mtu wa utaratibu. Hata salamu zake zina nukta na mkato. Mkataba wetu tuliuandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na yeye ndiye aliyesoma kila mstari mara mbili.

Bei milioni nne. Laki nane mkononi. Milioni tatu na laki mbili zilizobaki zipitie benki, asije mtu kesho akasema hakulipwa. Na mstari wa mwisho ulisema hivi: siku salio litakapoingia kwenye akaunti ya muuzaji, kiwanja ni cha mnunuzi, na muuzaji hana neno tena.

"Mama Vicent, akaunti unayo?" aliniuliza siku ile.

"Ninayo. Sijui kama iko hai."

Kadi niliikuta kwenye kopo la vifungo. Vicent ndiye aliyenifungulia akaunti ile mwaka jana mwezi wa pili, siku moja kabla ya safari yake. Nilidhani imekufa zamani, kama mambo mengine ndani ya nyumba ile.

Niwaambie kidogo kuhusu nyumba ile. Sufuria yangu ndogo kuliko zote inapika ugali wa watu wawili. Chini ya hapo unaungua. Kwa hiyo kila siku napika wa wawili, nakula wa mmoja, unaobaki nawapelekea kuku wa Anifa. Redio naiwasha asubuhi siyo kwa ajili ya taarifa ya habari, ni ili kuwe na mtu anayeongea. Kuna siku nilimaliza kutwa nzima nikagundua neno nililolisema ni moja tu, "Karibu," na mteja mwenyewe alikuwa amekosea mlango.

Haya. Twende benki.

*

Ilikuwa Jumatano, tarehe tano mwezi wa kumi na moja, saa tano asubuhi. Mwalimu Egidius alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa na namba ya foleni. Mbele yake kulikuwa na watu sita.

"Mama Vicent, wewe nenda kahakikishe kwanza akaunti ipo. Mimi nikiitwa naweka, tunamaliza."

"Sawa, Mwalimu."

Dirishani kulikuwa na binti mwenye nywele fupi. Kibao kifuani kilisema Jenifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kujua kama akaunti hii bado iko hai. Na namba ya simu niliyoandikisha mwanzo sina tena, naomba unibadilishie."

Nikampa kadi na kitambulisho cha NIDA. Akaniwekesha kidole kwenye kile kimashine cha alama za vidole, akaandika namba yangu mpya, akabofya hapa na pale.

"Namba yako tayari, mama. Pesa ikiingia au ikitoka utapata ujumbe. Na akaunti iko hai."

"Iko hai vipi? Mwaka mzima na zaidi sijaigusa."

"Wewe hujaigusa. Lakini hii akaunti haijalala. Kuna mtu anaiamsha kila mwezi."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikadhani amefungua ya mtu mwingine.

"Mwanangu, angalia vizuri. Gaudiosa Tadeo."

"Ndiye huyo huyo. Una elfu tisini."

Wasomaji, mimi si mtu wa kukosa la kusema. Mnanijua. Lakini pale nilishika ukingo wa kaunta mpaka mzee aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

"Nani?" niliuliza.

"Subiri nikutolee taarifa ya akaunti. Ina makato kidogo."

Mimi ni yule yule ambaye sijawahi kuangalia salio kwa kuogopa makato. Kuangalia tu pesa yako wanakukata! Niliapa sitalipia kutazama sufuria tupu. Siku ile nilisema, "Kata."

*

Karatasi zikatoka mbili, bado zina joto. Jenifa akazigeuza upande wangu na kuniwekea kalamu juu ya mistari.

"Hapa tarehe. Hapa aliyeweka. Hapa ni wapi. Hapa kiasi. Na hapa ni maelezo aliyoandika."

Tarehe tano mwezi wa tatu mwaka jana. Vicent Tadeo. Mirerani. Elfu tano. Maelezo: SHIKAMOO MAMA.

Tarehe tano mwezi wa nne. Vicent Tadeo. Mirerani. Elfu tano. SHIKAMOO MAMA.

Mwezi wa tano. Wa sita. Wa saba. Kila tarehe tano, elfu tano, SHIKAMOO MAMA. Kidole changu kilishuka mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa unaniamkia.

"Lakini nilikwenda!" nikapaza sauti. "Jenifa, nilikwenda kwenye mashine! Jumamosi Kuu mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Hapana, ngoja. Siyo Jumamosi Kuu. Ilikuwa Jumapili ile ya baada ya Pasaka, nilikuwa natoka kanisani. Nilitaka elfu ishirini, ikakataa. Nikaomba elfu kumi, ikakataa!"

"Baada ya Pasaka ni mwezi wa nne. Tarehe saba?"

"Hiyo hiyo."

Akavuta kikokotoo.

"Sikia, mama. Akaunti ilifunguliwa na elfu tano. Hiyo haitoki, ndiyo kiwango cha chini cha salio, inaishikilia akaunti. Mwezi wa tatu ikaingia elfu tano, ikawa elfu kumi. Mwisho wa mwezi wakakata elfu moja ya huduma, ikabaki elfu tisa. Tarehe tano mwezi wa nne ikaingia elfu tano nyingine. Jumla elfu kumi na nne. Toa ile elfu tano isiyotoka."

"Elfu tisa."

"Na mashine yetu haitoi chini ya elfu kumi."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo ilipungua buku, mama. Buku moja tu."

Buku. Bei ya nyanya fungu moja sokoni. Bei ya kushona zipu ya begi la shule, na hapo ni kama nimekupenda.

Kwa buku moja nilimwita mwanangu mwongo. Nilimwambia kwenye simu, "Usinipigie tena mpaka uwe mwanaume." Kwa buku moja niliikata laini. Na zile jumbe za benki zilizokuwa zikiniambia kila tarehe tano kwamba mtoto wangu ananiamkia, mbili za kwanza nilizifuta bila kusoma nikidhani ni matangazo, na nyingine zote zilikwenda kwenye laini iliyokuwa vipande viwili chini ya meza ya cherehani, pamoja na vitambaa.

"Mbona hakuweka zaidi?" nilimuuliza Jenifa, kama vile yeye ndiye mke wake.

"Sijui, mama. Ila dirishani na kwa mawakala wetu, kiwango cha chini cha kuweka ni elfu tano. Aliweka kile kidogo kabisa ambacho benki inakubali. Pengine ndicho alichokuwa nacho."

Sasa niungame lililo baya zaidi, maana hapa ndipo mahali pake.

Vicent aliniambia. Siku ile ya kufungua akaunti alinikalisha kwenye benchi lile lile alilokaa Mwalimu Egidius, akanieleza yote. Mama, hii elfu tano haitoki. Mama, mashine haitoi chini ya elfu kumi, kwa hiyo uvumilie miezi mitatu minne ijae kwanza. Mama, ukikwama ingia ndani uulize. Nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku nikiangalia mshono wa gauni la dada mmoja aliyekuwa kwenye foleni, nikihesabu marinda yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku ile lilikuwa limeshazikwa.

Kwenye jumuiya niliwahi kumjibu katekista, "Mkono mtupu haulambwi." Nikajiona nimesema. Mtoto wa watu alikuwa analeta kiwango cha chini kila mwezi bila kukosa. Mimi sikuwa naleta hata hicho.

*

Jenifa alinipa karatasi ya pili. Mwezi wa saba mwaka huu, Vicent Tadeo, Mirerani. SHIKAMOO MAMA. Hiyo ilikuwa ya kumi na saba.

Mstari uliofuata ulikuwa na jina jingine.

Mwezi wa nane: Brightness Edward. Dareda. Elfu tano. SHIKAMOO MAMA.

Mwezi wa tisa: Brightness Edward. Dareda. Elfu tano. SHIKAMOO MAMA.

"Huyu Brightness ni nani?" nikauliza.

"Wewe humjui?"

"Simjui."

Dareda si mbali. Ukitoka hapa asubuhi unafika chai haijapoa. Kwa nini jina la mwanangu limekoma, na kwa nini limekoma mwezi wa saba? Watu wa machimbo tunawajua. Wanashuka kule chini wazima, na siyo wote wanaopanda.

"Soma wa mwisho," Jenifa akasema taratibu.

Mwezi wa kumi. Brightness Edward. Dareda. Elfu tano.

SHIKAMOO BIBI.

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne herufi zilikuwa zimeshalowana.

Bibi! Mimi, ninayepikia kuku ugali, nina mjukuu. Yupo mahali fulani njia ya Dareda, ana mwezi, ana miezi miwili, sijui, na ameniamkia kabla hajajua kushika hata kidole. Na kiwanja ambacho babu yake alisema watoto wa Vicent wakulie pale kiko kwenye bahasha ya kaki nyuma yangu.

*

Nilimwendea Mwalimu Egidius mbio mbio.

"Mwalimu, naomba usiweke."

Alinitazama juu ya miwani.

"Nisiweke nini?"

"Hizo pesa. Mwanangu yupo. Ana mtoto."

"Mama Vicent, kaa chini kwanza."

"Sikai! Kiwanja ni cha mtoto."

"Nilikuuliza mbele ya mwenyekiti, mwanao yuko wapi. Ulisema: amepotea, hatujui hata kama yu hai. Ndivyo tulivyoandika."

"Nilisema kwa hasira."

"Hasira haikuandikwa pale. Mimi nimeshafyatua tofali elfu tatu, ziko Singe zinanisubiri. Mvua ikinyesha ni udongo. Na zile laki nane unazo?"

Laki nane zilikuwa zimeshageuka cherehani ya umeme na bati sita za jikoni.

Mwalimu Egidius si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Namba yangu bado watu wawili. Mpaka niitwe, unieleze mwanao yuko wapi na lini atakuja tuzungumze kama watu wazima. Ukinieleza, nitarudi nyumbani na bahasha yangu, na laki nane utanilipa kidogo kidogo. Usiponieleza, naweka."

Hata leo ninavyoandika, siwezi kusema hakunitendea haki.

Nikarudi dirishani nikimpita mzee wa kukohoa. Foleni ikaguna.

"Mama, na sisi tuna haraka!"

"Nisameheni jamani, natafuta mtoto!"

Wakanipisha.

"Jenifa, nipe namba ya huyu Brightness."

"Siruhusiwi kutoa namba ya mtu, mama. Nitafukuzwa kazi."

"Hata ya wakala aliyempokea pale Dareda?"

"Ngoja nione." Akabofya. Kisha akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta yake. "Mama, leo tarehe ngapi?"

"Tano."

"Kuna nyingine. Imeingia dakika arobaini zilizopita. Haikuwa kwenye karatasi, nilikuwa nimekutolea mpaka mwisho wa mwezi uliopita."

"Yeye?"

"Brightness Edward. Elfu tano. SHIKAMOO BIBI." Akainua macho. "Lakini safari hii siyo Dareda. Ni wakala wa Nakwa."

Nakwa nzima wakala wa benki hii ni mmoja. Ni Anifa. Dirisha lake linatazamana na mlango wangu, na kuku wake ndio wanaokula ugali wangu.

*

Simu iliita mara nne. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, pokea Anifa, pokea mwanamke wewe.

"Haloo dada Gaudi."

"Anifa! Nani kaweka elfu tano kwenye akaunti yangu leo?"

"Ndiyo nilikuwa najiuliza. Binti mmoja mgeni, amebeba mtoto mchanga. Kanipa namba ya akaunti, kubofya hivi nikaona linakuja jina lako. Nikashangaa."

"Yuko wapi?"

"Kwanza aliuliza kwa mama Vicent ni wapi. Nikamwambia wa nini? Akasema nina habari za Vicent, na nimemleta mtoto."

"Ukamwambiaje?"

Droo yake ya pesa ikafungwa.

"Anifa, ukamwambiaje?"

"Dada, si ulinikataza mwenyewe? Uliniapiza kabisa, tena mara mbili. Nimemwambia ulivyoniagiza."

"Sema!"

"Nimemwambia hapa hakuna mama wa Vicent."

Nilisikia kuku wake wakilia kwenye simu. Wameshiba, hawana shida na mtu.

"Akasemaje?"

"Alimfunika mtoto vizuri na kanga, akasimama kidogo anaangalia mlango wako na lile kufuli. Halafu akatoa ile elfu tano akaniwekesha, akauliza njia ya kurudi stendi."

"Na Vicent? Hukumuuliza Vicent yuko wapi?"

"Nilimuuliza. Akaniangalia tu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Dada, nisamehe. Mimi nilidhani..."

Nilikata simu. Sikuwa na haki ya kumsamehe wala kumlaumu. Maneno yalikuwa yangu, yeye alikuwa wakala tu.

Spika ya benki ikaita: "Namba mia moja na kumi na tisa, dirisha la pili."

Mwalimu Egidius akasimama. Akanitazama toka kule, akainyanyua bahasha kidogo, kama mtu anayeuliza kwa mara ya mwisho.

Kutoka niliposimama hadi dirisha la pili ni hatua kumi. Ningekwenda, ningemshika mkono, ningemsihi, ningemweleza habari za Anifa na za mtoto mchanga. Angetaka kuelewa kila mstari mara mbili. Dakika kumi, kumi na tano. Na pale stendi magari ya Dareda hayasubiri mtu yakishajaa.

Kiwanja au mtoto. Nilitoka mlangoni bila kugeuka.

*

Mimi nina miaka hamsini na sita na goti la kushoto linalotabiri mvua. Siku ile nilikimbia. Kiatu kimoja nilikiacha mbele ya duka la pembejeo, na mwenye duka akaniita, "Mama, kiatu!" nikamwambia kaa nacho.

Stendi ilikuwa imejaa. Magari ya Katesh, ya Mbulu, ya Kondoa, ya Arusha, na wapiga debe wote wanapiga kelele kwa pamoja. Mabinti wenye watoto mgongoni walikuwa kila mahali. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Nilimshika mmoja bega.

"Wewe ni Brightness?"

"Hapana mama."

"Wewe, mwanangu?"

"Mimi ni Hope. Umepotelewa na mtu?"

Nimepotelewa, ndiyo. Simjui sura, simjui kimo, simjui hata kanga aliyovaa, maana niliikata simu kabla ya kuuliza. Kwa sauti gani nimwite mtu ambaye asubuhi hii hii ameambiwa kwamba mimi sipo?

Nikatazama ile taarifa ya akaunti mkononi mwangu. SHIKAMOO MAMA. SHIKAMOO MAMA. SHIKAMOO BIBI.

Kwetu mtoto akikuamkia unaitikia. Hata kama umenuna, hata kama mna kesi, unaitikia kwanza halafu mnagombana. Mimi nilikuwa nadaiwa marahaba ishirini na moja.

Nikaanza kulipa.

"Marahaba!" nikapaza sauti katikati ya stendi. "Marahaba mwanangu! Marahaba!"

Wapiga debe wakageuka. Mmoja akacheka: "Bimkubwa, nani kakuamkia?"

"Marahaba! Marahaba Vicent! Marahaba!"

"Huyu mama amechanganyikiwa."

"Muacheni, ana matatizo yake."

Nilipita katikati ya magari, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja bila, karatasi nimeinyanyua juu. Nilikuwa nimefika ya kumi na nne, na sauti imeanza kukauka. Gari la Dareda lilikuwa limeshajaa, dereva amewasha, konda amening'inia mlangoni.

"Marahaba mjukuu wangu!"

Kioo cha siti ya nyuma kikasogezwa.

Kilitoka kichwa cha binti, macho mekundu. Kifuani alikuwa na kichanga kimefungwa kanga ya kijani. Alinitazama kuanzia usoni mpaka kwenye mguu wangu usio na kiatu.

"Samahani mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na gari lilikuwa linaunguruma. "Wewe ndiye bibi yake Tadeo?"

Tadeo. Wamempa jina la babu yake.

Nikafungua mdomo nijibu, na simu ikatetemeka mkononi. Ulikuwa ujumbe wa benki, wa kwanza nilioutazama tangu akaunti ile ifunguliwe. Sikutaka kuusoma, lakini macho hayaombi ruhusa.

*Ndugu mteja, TSH 3,200,000 zimewekwa kwenye akaunti yako. Maelezo: KIWANJA SINGE.*

Konda akagonga bati. Gari likaanza kusogea, na binti bado alikuwa ananitazama, akisubiri nijibu.